Mtamba kwa Kiwanda Chako

Baba,

Mama amepangisha banda lako la gereji. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, kabla sijatua hata begi. Amempangisha muuza spea za malori ya mtumba, yale ya Japani. Najua. Nilipomuuliza kwa nini huyo, kati ya watu wote wa Bariadi, alinijibu huku akiendelea kuchambua mchicha: "Baba yako alipenda vyuma, nimempa mwenye vyuma. Ulitaka nimpe muuza vitenge?" Halafu akacheka, Baba, kile kicheko chake chenyewe, cha kwanza tangu tukuzike. Nikaacha kuuliza.

Nimeketi kwenye kigoda chako, nje ya banda hilo hilo. Ni asubuhi. Jua bado halijafika upande huu wa ukuta. Baadaye leo napanda basi la Shinyanga, kisha treni, nirudi kazini Dar es Salaam. Kwenye begi nina karatasi nilizoandikia hapa nyumbani likizo hii, na kabla hazijasomwa na mtu mwingine nataka uzijue wewe.

Ofisi imenipa kazi. Ile ofisi yetu ya mashirika ya umma, ambayo ulikuwa ukiita "hospitali isiyo na dawa". Natakiwa kutoa maoni iwapo serikali iendelee kukiokoa kiwanda cha kuunganisha malori, au ikiache kife. Ndiyo, Baba. Kiwanda chako. Jalada nililikuta mezani niliporudi kutoka kukuzika. Nilimwambia mkuu wangu, yule mama mpole niliyekusimulia, kwamba baba yangu alikuwa fundi pale tangu ujanani mpaka alipopunguzwa kazi, na kwamba udongo wa kaburi lake bado mbichi. Alivua miwani, akanitazama, akasema, "Basi wewe unakijua." Akavaa miwani.

Maoni yangu si uamuzi. Mimi ni mdogo pale. Lakini mama yule huyapeleka juu karibu kama yalivyo, na huko juu kila mtu anatafuta mtu wa kumwambia aseme nini.

Ngoja nikusimulie kwanza mazishi yako, maana ulikuwepo na hukuona kitu.

Mzee Shomari alikuja. Mzaramo wako, mtani wako, mliyefunga naye boliti bega kwa bega miaka yote ile. Alipanda treni peke yake, akafika wakati kaburi limekwisha kuchimbwa, koti limejaa vumbi la Shinyanga. Hakusalimia mtu. Akaenda moja kwa moja akakaa juu ya rundo la udongo, akavua viatu, akasema hafukiwi mtu hapa mpaka yeye apewe jogoo. "Huyu Ngosha," akasema, kama wanavyotuita sisi Wasukuma, "amekufa kama malori tuliyokuwa tunaunda. Bodi nzima kabisa, spea hakuna."

Mchungaji akawa anatafuta kitu kwenye Biblia yake. Wengi huku wanaujua utani wa msibani, lakini wa Mzaramo aliyetoka mbali hivyo hawakuutegemea. Ndipo Shangazi Ngolo, dada yako wa Nkoma, akapaza sauti kutoka upande wa wanawake: "Na wewe Mzaramo umekuja na injini gani? Mbona umefika unavuta moshi?" Maana kweli alikuwa na sigara mdomoni. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata Mama. Jogoo akaletwa, Mzee Shomari akampakata kwapani muda wote wa ibada, na udongo wa kwanza ulipoanguka nilimwona ameinamisha uso kwenye manyoya ya yule jogoo, mabega yanatikisika.

Jioni ile aliniita pembeni. Utani ulikuwa umekwisha. Aliniambia kwamba wamebaki wachache kwenye mstari wa kuunganisha, kwamba hukaa siku nzima wakifagia sakafu safi wakisubiri makasha ya vipuri vya ng'ambo ambayo hayaji, na kwamba wamesikia ofisi yetu ndiyo itakayosema. "Minza, wewe ni mwanetu," akasema. "Tusemee. Baba yako angetusemea."

Hilo nalijua. Ulikuwa unawasemea kila likizo yangu, tena kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. Nilikuwa nikikueleza habari za soko huria, na ushindani, na ruzuku inayokula mishahara ya walimu, na wewe ulisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha ukasema neno moja lile lile, ukiniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, serikali ikizaa mtoto haimtupi akiugua." Nami nikasema mtoto huyu ni mtu mzima sasa, ana ndevu. Nawe ukasema hata mwenye ndevu huugua. Na Mama akatuambia sote wawili tunawe tule.

Unajua ninachokikumbuka zaidi kuliko hoja? Mikono yako ikitengeneza lori kwa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilikuwa bado sijaanza shule, tukiishi kwenye zile nyumba za wafanyakazi, na Bibi alikuwa ametuletea michembe kutoka nyumbani. Ulipanga viwili virefu, ukasema hii ndiyo chesesi. Kingine juu, kebini. Ukaniuliza gurudumu litoke wapi, nikala gurudumu. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nadhani siku ile ndipo nilipoelewa kwamba lori huanza likiwa vipande, na kwamba kuna mtu huwa anavijua vyote. Sijui kama nimewahi kumheshimu mtu kuliko nilivyokuheshimu jioni ile, na wewe umekaa sakafuni na makombo kifuani.

Na alama. Shangazi hakujua habari za alama mpaka nilipomwambia. Kwamba kila lori lililopita mikononi mwako ulilichorea, chini ya dashibodi pasipoonekana, ile alama ambayo babu aliwachoma nayo ng'ombe wetu. Uliniambia kwa kunong'ona, kana kwamba meneja anasikiliza. Wiki iliyopita nilipokwenda Nkoma, lile lori la chama cha ushirika, lile jekundu, lilikuwa bado liko pale nyuma ya ghala, halina matairi, kuku wanatagia kwenye kebini. Nilifungua mlango, nikapiga magoti, nikapapasa chini ya dashibodi kwa vidole. Ipo, Baba. Nilikaa humo ndani na kuku kwa muda mrefu kuliko ningependa mtu ajue.

Lakini ni Nkoma hiyo hiyo ndiyo iliyonitia mashaka. Lazima nikuambie hili, maana tulipobishana nilikuwa bado silijui. Nilimuuliza Shangazi anaonaje, serikali ikiokoe kile kiwanda? Alikuwa anapalilia. Hakusimama. Akaniambia niwaulize waliolala na pamba. Miaka ile ya zamani, akasema, pamba yao ilikaa kwenye kituo cha kununulia ikisubiri lori la chama, na chama kikisubiri lori la kiwanda, na kiwanda kikisubiri makasha ya ng'ambo. Mvua ikawatangulia wote. Yeye na wanawake wenzake walikuwa wakilala juu ya marobota kuyalinda, wakiamka na nywele zimejaa pamba "kama mabibi wa Kizungu." Halafu ruksa ya biashara huria ikaja, akaja mfanyabiashara na lori bovu la mtumba, la kijani, linavuja mafuta, mlango umefungwa kwa kamba. Akaibeba pamba yote siku ile ile. "Lilikuwa baya," Shangazi akasema, "lakini lilikuja." Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kaka yangu nilimpenda. Lori lake nililisubiri sana."

Wewe ungemjibu nini, Baba? Nadhani ungecheka tu, ukamwambia yeye siku zote hana subira, hata kuzaliwa alikuja kabla ya mkunga.

Basi nikarudi nyumbani nikaandika ukurasa wa kwanza. Niliandika kwamba kiwanda kiuzwe, majengo na mashine, kwa atakayetaka. Ulikuwa ukurasa mzuri, umenyooka, usio na neno la kuongeza. Nilipousoma mara ya pili nikahisi kama nimemfukuza mgeni akiwa bado ananawa. Niliuweka chini ya godoro.

Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya kumaliza matanga.

Unajua inavyokuwa. Ukoo umekaa uani, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na kila mwenye ng'ombe wa marehemu zizini kwake anasimama mbele ya mashahidi na kumtaja, ili sisi watoto tujue mali ya baba yetu inalala wapi. Mama aliwajua karibu wote. Mmoja yuko Bukundi, wawili wako huku jirani. Wakasimama, wakasema, wakakaa. Halafu akasimama Jilala, binamu yako wa Kimali, na tayari anacheka.

"Mimi ninaye ng'ombe wa marehemu," akasema. "Lakini mashahidi mjue, huyu ng'ombe mmoja nilipewa mara mbili."

Hukuwahi kunisimulia hili. Kwa nini? Jilala alieleza kwamba mwaka ule ugonjwa ulipomaliza ng'ombe zake, alikuja kwako, nawe ukampelekea mtamba, kwa desturi yetu: maziwa ni yake na watoto wake, mzao ni wako, na yeye akiutunza vizuri utafika wakati utampa ndama awe wake kabisa aanze upya. Mtamba akazaa. Lakini boma la Jilala lilikuwa limefumuka upande mmoja, na kila siku akasema nitaliziba kesho. Fisi akamchukua ndama. Ukaenda kumtembelea. Akakukaribisha, akakupa maziwa, ukayanywa yote, ukasema wabeja, asante. Ukainuka, ukafungua kamba, ukaondoka na ng'ombe.

"Alikunywa maziwa yangu," Jilala akawaambia watu, "akaninyang'anya na mama wa maziwa. Hata kugombeza hakunigombeza, angalau nipate la kumjibu!"

Watu walicheka, lakini yeye hakuwa amemaliza. Alisema alikununia msimu mzima. Alisema mkewe hakukununia wewe, alimnunia yeye Jilala, na mwishowe wakakata miiba wakaziba boma lote, si upande ule tu. Siku moja akakuona unatokea njiani, hukuitwa, na ng'ombe yule yule. Ulizunguka boma. Ulishika nguzo moja ukaitikisa. Kisha ukamtia kamba mkononi, ukaomba maji ya kunywa.

"Sasa ninalo zizi langu," akasema Jilala. Sauti yake ilibadilika hapo. "Na huyu wa kwake yumo. Ni mzee, lakini yumo. Minza, wewe na mama yako mkija mtamwona."

Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, sinia la ugali magotini. Baba, wewe. Wewe uliyeniambia mgonjwa hatupwi. Kumbe ulijua zaidi ya hapo. Ulijua kwamba ugonjwa wa ng'ombe haukuwa kosa la Jilala, lakini boma lilikuwa kosa lake. Ulitenganisha mambo hayo mawili bila kusema neno, kwa kamba tu. Mbona kwa kiwanda hukutenganisha? Au ulitenganisha moyoni, ukaona haya kusema, kwa sababu ya Shomari na wenzako? Nimekuuliza hivyo mara nyingi siku hizi, nikitembea kwenda kisimani, nikiosha vyombo. Mama anadhani nasali.

Nimelifikiri sana, hata kwa kulipinga. Kiwanda si mtu wa Kimali. Hakina mke wa kukikemea. Na mtamba hutoa maziwa, wakati kiwanda, nikisoma hesabu zake, ndicho kilichokuwa kinanyonya. Lakini pia si kweli kwamba kilijiua chenyewe. Fedha za kigeni zilipokosekana hazikukosekana kwa sababu yenu. Mlango wa mtumba ulipofunguliwa wote kwa siku moja, hakuna aliyewauliza nyinyi. Hayo ni maradhi ya ng'ombe. Boma je? Wewe mwenyewe ulinihadithia. Kwamba ofisi ziliongezeka huku karakana ikipungua. Kwamba kila mlipobuni spea ya kutengeneza hapa hapa, mlijibiwa msubiri makasha. Kwamba mlijua malori ya Nkoma yanakufa kwa kukosa kifaa ambacho wewe na Shomari mngeweza kukichonga kabla ya chakula cha mchana. Boma lilikuwa wazi, Baba, na kila mtu akasema kesho.

Kwa hiyo nimeutoa ule ukurasa chini ya godoro, nimeuchana, nikaandika mwingine. Nimesema kiwanda kisiuzwe kama chuma chakavu, na kisipewe fedha za kufunika hasara. Kipewe mtamba. Sikuandika hivyo, usiogope, nimeandika kwa lugha ya ofisi: mkopo wa muda, wenye masharti, unaoweza kurudishwa. Lakini wewe utajua ni nini. Kitengeneze spea za malori yaliyopo barabarani, yetu na hata ya mtumba, na matela ya kubebea pamba, vitu ambavyo mkulima wa Nkoma atavinunua kwa sababu anavihitaji, si kwa sababu chama kimeamriwa. Viongozi wapunguzwe kabla ya mafundi. Serikali itume mtu wa kutikisa nguzo, na asiwe mtu anayekwenda kunywa maziwa tu. Boma lisipozibwa, ng'ombe aondoke.

Sijui kama watanisikiliza. Huko juu wengine wanataka kuuza kila kitu kabla ya chai, na wengine bado wanaamini makasha yatakuja. Nimewakosea wote kwa mara moja, kwa hiyo huenda nimekaribia ukweli, au huenda ni msichana tu aliyefiwa na baba akaanza kuona ng'ombe kila mahali. Nimejipima usiku na mchana. Bado nasimama hapo.

Lakini kuna jambo ambalo sijakuambia, nimelizungukia barua nzima.

Ili karakana iishi, mstari wa kuunganisha lazima ufungwe. Nimeandika hivyo, kwa mkono wangu, sentensi fupi. Ni mstari wako. Ni sakafu ile anayoifagia Mzee Shomari. Vijana watahamishiwa kwenye mashine za kuchonga, watafundishwa. Wazee wataondoka, na yeye ni mzee. Nilijaribu kuiandika sentensi ile kwa namna ambayo yeye angebaki, na kila nilivyoigeuza ikawa uongo. Alipanda treni kuja kukuzika. Aliniambia mimi ni mwana wao wote. Akaniomba niwasemee, na hivi ndivyo nilivyowasemea.

Mama nimemweleza. Akanifungia karanga na viazi vya njiani, fungu moja langu, fungu moja kubwa zaidi "la Mzaramo." Na Shangazi, aliyekuja kuniaga, akasema nisimwachie mtu yule asikie kwenye ubao wa matangazo.

Basi hii ndiyo ahadi yangu, Baba. Nikishuka kwenye treni sitapitia ofisini kwanza, wala nyumbani. Nitakwenda kwa Mzee Shomari na fungu la viazi, nitaketi barazani kwake, nitamwambia kwa mdomo wangu nilichoandika na kwa nini. Sitamwambia kwamba ni wewe uliyenifundisha, ingawa ndivyo, asije akakukasirikia wewe ambaye huwezi kujibu. Atanitukana. Ana haki ya kunitukana mara mbili, kwa utani na kwa uchungu, na najua sitaweza kutofautisha lipi ni lipi. Nitayapokea yote. Sitainuka mpaka yeye mwenyewe aseme niinuke.

Muuza spea amefika, anahangaika na kufuli lako. Linahitaji kuinuliwa kidogo kabla ya kuzungusha ufunguo. Naenda kumwonyesha.

Lala salama, Baba yangu. Nakupenda sana.

Mwanao,
Minza